Tangi Jipya: Samaki Leo au Baada ya Wiki Sita?

Ubishi huu ni wa siku nyingi miongoni mwa wafugaji wa samaki wa mapambo, na Dar es Salaam haujapoa hata kidogo. Mtu amenunua tangi la kioo, ameliweka juu ya meza, amelijaza maji. Pampu inanguruma, maji yanang'aa. Je, atie samaki leo, au akae na tangi tupu mwezi mzima na zaidi?

Hoja za pande zote nimezikusanya na kuzigawa kwa wasemaji watatu. Muuzaji ana duka la samaki wa mapambo. Mwalimu anafundisha kemia na baiolojia sekondari, na nyumbani kwake anafuga samaki wa Ziwa Tanganyika. Mzee ni mzamiaji mstaafu wa Kigoma, aliyekuwa akikamata samaki hao kwa wavu wa mkononi ili wasafirishwe. Tangi wanalobishania lina urefu wa sentimita 100, upana 40 na kimo 40, yaani lita 160 likijaa pomoni. Mwenye tangi anataka kufuga humo samaki wadogo wa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, samaki wa ukoo mmoja na sato na perege. Mimi nitaingilia inapobidi. Mwisho nitasema niko upande gani, kwa sababu katika jambo hili siamini kwamba hoja zote zina uzito sawa.

MUUZAJI: Mimi naanza na mteja, maana ndiye ninayemwona kila siku. Baba anakuja dukani na mtoto wake wa miaka saba, na mtoto ameshachagua samaki kabla baba hajafunga mlango. Nikimwambia arudi baada ya wiki sita, ataingia duka la jirani auziwe samaki hao hao bila neno lolote. Kwangu angalau anaondoka na maelekezo. Aanze na samaki wagumu wawili watatu, gapi au moli. Awape chakula kidogo, abadilishe maji mara kwa mara. Tangi linakomaa lenyewe huku samaki wakiwa ndani. Ndivyo tulivyofanya miaka yote.

MWALIMU: Linakomaa kwa gharama ya nani, kaka? Samaki anatoa amonia kila anapopumua, na sehemu kubwa yake inapitia kwenye matamvua. Kinyesi na mabaki ya chakula vikioza vinaongeza nyingine. Kwenye lita 160 amonia hiyo haina pa kwenda. Wanaoiondoa ni bakteria. Kundi moja linaibadili iwe nitriti, kundi jingine linaibadili nitriti iwe nitreti, na nitreti samaki anaivumilia vizuri zaidi. Tangi jipya lina bakteria hao wachache mno. Ukisema linakomaa samaki wakiwa ndani, maana yake gapi wako wanaogelea kwenye sumu mpaka bakteria waongezeke na kutosha.

MUUZAJI: Lakini gapi hafi, Mwalimu.

MWALIMU: Wengine hawafi. Wanakaa juu ya maji wakihema, mapezi wameyabana, matamvua yamekuwa mekundu. Baada ya hapo wanapona, au wanaonekana wamepona, kisha ugonjwa mdogo tu unawamaliza. Na hapa hatuzungumzii gapi. Mwenye tangi anataka samaki wa Tanganyika.

MZEE: Niruhusuni nami. Mimi kemia sikuisoma, ila ziwa nalijua. Tanganyika ina kina kinachofika mita 1,470. Ukizama mita tano au kumi penye miamba, maji ni maangavu na samaki ni wengi kila upande, lakini uchafu wao huuoni, maji mengi yameumeza. Samaki wale hawajawahi kuishi kwenye maji yaliyochafuka kwa kinyesi chao wenyewe. Sasa mnawatoa kule mnawatia kwenye kisanduku cha kioo. Mimi nasema anayewafuga ana deni kwao.

MUUZAJI: Mzee wangu, hakuna anayebisha hilo. Ninachobisha ni hizo wiki sita.

MWALIMU: Basi tuingie ndani ya jambo lenyewe. Amonia majini ina sura mbili. Moja ni amonia tupu, isiyo na chaji. Hiyo inapenya matamvua kirahisi, na ndiyo sumu kali. Nyingine imeshika chembe ya haidrojeni ikawa amoniamu, na madhara yake ni madogo kwa mbali. Kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH na joto la maji. Chukua maji ya nyuzi 25. pH ikiwa 7, zaidi kidogo ya nusu asilimia tu ya amonia yote ndiyo iko katika sura ya sumu. pH ikiwa 8, inazidi asilimia 5. Ikifika 9, inazidi theluthi moja. Maji ya Tanganyika yana pH ya 8.6 hadi 9.2 hivi. Kwa hiyo ukiweka tangi lako kwenye pH 8.8 kama inavyowafaa samaki hawa, kiasi kile kile cha amonia kina ukali zaidi ya mara arobaini kuliko kwenye tangi la gapi lenye pH 7. Na Dar maji ya tangi yanafika nyuzi 29 au 30 bila hita yoyote, jambo linaloongeza sumu hiyo zaidi.

MUUZAJI: Mara arobaini?

MWALIMU: Zaidi ya arobaini. Ndiyo maana njia iliyokufaa miaka yote kwa gapi inawaua samaki hawa wiki ya kwanza, na mteja anakuja kukuambia umemuuzia samaki wagonjwa.

MZEE: Hapo umenikumbusha kitu. Tukiwa tunawafunga kwa safari tulikuwa tunawashindisha njaa siku mbili ili wasichafue maji ya mfuko. Tunatia maji kidogo, tunajaza oksijeni, tunafunga mpira. Wanafika wazima. Halafu anayewapokea anafungua mfuko, anauacha wazi saa mbili huku akidondoshea maji ya tangi kidogo kidogo, eti anawazoesha, na samaki wanaanza kulala ubavu mbele ya macho yake. Sikuelewa sababu.

MWALIMU: Sababu ni hiyo hiyo, Mzee. Ndani ya mfuko uliofungwa samaki wanatoa kabonidayoksaidi, na hiyo inashusha pH. Amonia imejaa, lakini karibu yote imelala katika sura isiyo na ukali. Mfuko ukifunguliwa, gesi inatoka, pH inapanda haraka, na amonia yote iliyokusanyika safarini inaamka kuwa sumu. Kwa samaki waliosafiri muda mrefu ni heri kusawazisha joto mfuko ukiwa bado umefungwa, kisha uwatoe kwa wavu upesi uwatie kwenye tangi lililokomaa, na maji ya mfuko uyamwage. Tangi likiwa halijakomaa, umewatoa kwenye sumu moja ukawatia kwenye nyingine.

Naingilia hapa kidogo, kwa kuwa hoja hii ya pH ndiyo inayokosekana katika maelekezo mengi ya madukani. Maelekezo hayo husema «tangi jipya» kana kwamba matangi yote ni ya aina moja. Samaki wa mito ya Amazon wanaopenda maji laini yenye asidi kidogo wana kinga fulani dhidi ya haraka ya mfugaji, kwa sababu katika maji hayo amonia nyingi haina makali. Samaki wa Tanganyika hawana kinga hiyo hata chembe. Mfugaji wa Kigoma, Bujumbura, Kalemie au Mpulungu anayechota maji ya ziwa lenyewe naye asijidanganye kwamba maji ya nyumbani kwao yatawalinda. Maji ni yale yale, ila wingi wake haupo.

MUUZAJI: Sawa. Basi aanze na maji ya bomba kama yalivyo, pH ya chini, tangi likomae na samaki ndani, ndipo apandishe pH polepole.

MWALIMU: Hapo utapata hasara mbili. Bakteria wenyewe wanapenda maji ya besi. pH ikishuka chini ya 6.5 wanazubaa, ikifika chini ya 6 karibu wanasimama kazi. Tena kazi yao inakula ubesi wa maji. Kila gramu moja ya naitrojeni ya amonia wanayoibadili inameza ubesi unaolingana na takriban gramu 7 za kalsiamu kaboneti. Tangi lisilo na akiba ya ubesi linaweza kushuka pH katikati ya kukomaa na mwenyewe asijue kwa nini limekwama. Ndiyo maana mimi naweka vipande vya mawe ya matumbawe tangu siku ya kwanza, yale mawe ya kujengea nyumba za zamani za pwani, nikishayaloweka na kuyaosha mpaka chumvi iishe. Ikibidi naongeza bikaboneti ya soda, kidogo kidogo, huku nikipima.

MZEE: Na samaki hapendi kuhamishwa kutoka maji haya kwenda maji yale. Muacheni akae kwenye maji yake.

MUUZAJI: Haya, mmenibana kwa pH. Niwajibu kwa mimea. Mimi nina matangi dukani yamejaa nyasi za majini, sijawahi kuyapa amonia wala kuyangojea wiki sita, na samaki wanazaa. Mmea unakula uchafu wa samaki. Hilo nalo mtalikataa?

MWALIMU: Silikatai. Mimea ya majini inapenda kuchukua naitrojeni ikiwa katika sura ya amoniamu kuliko nitreti. Mmarekani Diana Walstad aliandika kitabu kizima kuhusu matangi ya namna hiyo mwaka 1999, yenye udongo chini na mimea mingi tangu siku ya kwanza. Njia hiyo inafanya kazi. Lakini inataka mimea mingi kweli, inayokua haraka, yenye mwanga wa kutosha. Vitawi viwili vitatu vilivyochomekwa kwenye kokoto havisaidii kitu.

Wazo la Muuzaji lina historia ya kuheshimiwa. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington, wa London, alieleza jinsi alivyoweka samaki wa dhahabu wawili kwenye chombo cha kioo pamoja na mmea wa Vallisneria, kisha akaongeza konokono wa kula majani yaliyooza, akaona maji yanakaa mazuri bila kubadilishwa. Aliamini siri yote ni kubadilishana gesi: mmea unatoa oksijeni, samaki anarudisha kabonidayoksaidi. Ya bakteria hakuweza kuyajua. Ilikuwa mwaka 1877 Wafaransa Schloesing na Müntz walipoonyesha kwamba amonia inageuzwa kuwa nitreti na viumbe hai, na karibu mwaka 1890 Sergei Winogradsky akawatenga bakteria wenyewe. Kwa hiyo Warington alifaulu akiwa na nusu ya maelezo. Jambo la kupendeza ni kwamba mmea aliouchagua, Vallisneria, unaota pia ndani ya Ziwa Tanganyika na unastahimili maji yake ya besi.

MUUZAJI: Mnaona? Hata ziwani upo.

MZEE: Upo, lakini samaki wa makombe hakai msituni. Makao yake ni mchanga na makombe. Na mchanga anaufukua usiku na mchana, anasogeza kombe, anazika, anafukua tena. Panda mmea karibu yake uone kama kesho utaukuta umesimama.

MWALIMU: Kweli kabisa. Weka Vallisneria nyuma ya tangi, itasaidia, hasa kula nitreti baadaye. Lakini tangi la mchanga, makombe na mawe haliwezi kutegemea mimea pekee. Kazi kubwa itafanywa na bakteria.

MUUZAJI: Basi nieleze, hao bakteria nitawapataje bila samaki? Si wanahitaji kula?

MWALIMU: Wanahitaji, ndiyo maana unawalisha amonia mwenyewe. Nunua amoniamu kloridi kwa wauza kemikali za maabara. Gramu moja ndani ya lita 160 inakupa karibu miligramu 2 za amonia kwa lita, na hicho ni kiasi kizuri cha kuanzia. Asiyeipata achukue kamba mbichi mmoja, amfunge kwenye kipande cha soksi ya nailoni, amning'inize ndani ya tangi aoze. Harufu si nzuri na vipimo havitakuwa sahihi sana, lakini amonia itatoka. Chujio liwe linafanya kazi muda wote, hewa iwe nyingi. Maji ya bomba yatolewe klorini kwanza, kwa sababu klorini inawekwa majini ili iue bakteria, na haitawabagua wa kwako. Dawa ya kuondoa klorini ni rahisi. Asiyekuwa nayo ayaache maji kwenye ndoo wazi yenye pampu ya hewa siku nzima au zaidi, ila akijua kwamba kama maji yametiwa kloramini badala ya klorini, njia hiyo ya ndoo haifui dafu.

MUUZAJI: Halafu?

MWALIMU: Halafu unapima. Unachukua mililita 5 za maji kwenye kichupa, unadondosha matone, unatikisa, unasubiri dakika tano. Vipimo vinavyouzwa sana vinakaa njano kama hakuna amonia, na vinakuwa kijani kadiri inavyozidi. Siku za mwanzo kijani ni kile kile, utadhani hakuna kinachoendelea. Maji yanaweza kuwa meupe kama ukungu siku kadhaa, lakini hao ni bakteria wengine wanaokula mabaki, si hawa tunaowangoja. Hawa ni wazito wa kuzaliana. Wapo bakteria wanaoongezeka mara mbili ndani ya dakika ishirini. Hawa huhitaji saa nyingi, mara nyingi karibu siku nzima. Kisha siku moja kijani kinaanza kupauka, na kipimo cha nitriti kilichokuwa samawati kinageuka zambarau. Watu wengi wanafurahi hapo, wanakimbilia dukani kwako.

MUUZAJI: Na mimi nawauzia.

MWALIMU: Na hapo ndipo wanapoua samaki kwa mara ya pili. Nitriti inaingia kwenye damu kupitia matamvua na kuigeuza himoglobini isiweze kubeba oksijeni. Damu inakuwa ya kahawia. Samaki anahema juu ya maji hali oksijeni imejaa tele. Kundi la pili la bakteria linachelewa kuliko la kwanza, kwa hiyo zambarau hiyo inaweza kukaa wiki mbili au tatu.

MUUZAJI: Ndiyo maana mtu akinijia na shida hiyo namwambia atie chumvi kidogo na abadilishe maji. Tunafanya hivyo siku zote.

MWALIMU: Na mnafanya vizuri. Kloridi iliyo kwenye chumvi inashindana na nitriti kwenye matamvua, nitriti haingii kwa wingi. Ni msaada wa kweli kwa samaki aliyekwisha kutiwa humo. Lakini ningependa asiwemo.

Hapa niongeze jambo ambalo vitabu vingi vya zamani havilisemi. Kwa muda mrefu bakteria wa nitriti alitajwa kuwa Nitrobacter. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walionyesha kwamba kwenye matangi ya maji baridi kazi hiyo inafanywa na bakteria wa jamii ya Nitrospira. Mwaka 2015 watafiti wakatangaza kwamba wako Nitrospira wanaomaliza safari yote wenyewe, kutoka amonia hadi nitreti, na baadhi yao walitoka kwenye chujio la mfumo wa kufugia samaki. Mambo haya yana maana kwa mnunuzi. Chupa za «bakteria hai» zipo za kweli na zipo zisizo na kitu. Na hata ya kweli, ikiwa imekaa kwenye kontena lenye joto bandarini na kisha kwenye rafu inayopigwa jua, haina ahadi yoyote. Siwakatazi watu kuzinunua. Ninachokataa ni kumtia samaki kwa kuamini lebo.

MUUZAJI: Sasa nisikilizeni mimi, maana nina jambo ambalo ninyi wawili hamna. Dukani nina matangi yaliyokaa miaka. Machujio yake ya sponji yamejaa hao bakteria wenu. Nikimpa mteja sponji moja iliyokomaa akaitia kwenye tangi lake, kuna haja gani ya wiki sita?

MWALIMU: Hapo sasa umesema neno kubwa kuliko yote ya leo. Hiyo ndiyo njia bora. Bakteria hawa wanakaa juu ya vitu, kwenye sponji, mchanga na mawe, si ndani ya maji yenyewe. Kwa hiyo mtu anayebeba ndoo ya maji ya tangi la zamani anabeba karibu bure. Anayebeba sponji amebeba kiwanda. Isafirishwe ikiwa na unyevu, isikauke, isioshwe kwa maji ya bomba. Tangi lililopewa sponji nzuri na kulishwa amonia linaweza kuwa tayari baada ya wiki moja au mbili.

MZEE: Na magonjwa?

MWALIMU: Hilo ndilo la kuangalia. Sponji inaweza kubeba vimelea vya ugonjwa wa madoa meupe na vingine, pamoja na konokono usiowataka. Kaka, toa sponji kwenye tangi ambalo halijaingiza samaki wapya kwa muda mrefu na halina mgonjwa.

MUUZAJI: Nitatenga tangi moja la kukomazia sponji tu. Hilo naliweza. Lakini vipimo ni ghali, Mwalimu. Mteja anaona afadhali fedha hiyo anunue samaki wengine.

MWALIMU: Basi pima wewe dukani. Alete maji kwenye chupa ndogo, umpimie. Kipimo kimoja kinahudumia watu wengi. Jaribio lenyewe ni dogo. Jioni tia amonia ya miligramu 2 kwa lita. Baada ya saa 24 pima. Amonia ikiwa sifuri na nitriti sifuri, na nitreti imepanda, tangi liko tayari. Abadilishe maji mengi kupunguza nitreti, kisha aje achukue samaki. Sijali kama ni wiki ya pili au ya saba.

MUUZAJI: Kwa hiyo wiki sita si sheria.

MWALIMU: Haijawahi kuwa sheria. Ni makadirio ya tangi lililoanza bila sponji.

MUUZAJI: Na umeme ukikatika usiku kucha? Maana hapo nimeona watu wakilia.

MWALIMU: Bakteria hawa wanakula oksijeni kwa wingi, zaidi ya gramu 4 na nusu kwa kila gramu ya naitrojeni ya amonia. Na maji ya moto yana oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 30 ni kama miligramu 7.5 tu kwa lita. Chujio lililofungwa kama mkebe likizimika saa nyingi, oksijeni ndani yake inaisha, bakteria wanaanza kufa, na umeme ukirudi linamwaga uchafu huo kwa samaki. Kwa mji wenye katikakatika mimi nachagua chujio la sponji linaloendeshwa kwa pampu ya hewa, na pampu ndogo ya betri kabatini. Lile la mkebe, kama lilizimika muda mrefu, lifungue ulisuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuliwasha.

MZEE: Mimi niseme la mwisho, nimechoka kusikiliza namba. Samaki wa kina kirefu, wale wakubwa wenye nundu kichwani na mistari ubavuni, huwezi kuwapandisha mara moja. Kibofu chao cha hewa kitavimba wafe. Tulikuwa tunawatia kwenye vizimba, tunawapandisha mita chache, tunawaacha wazoee, tunarudi tena kuzama. Samaki mmoja anachukua siku kadhaa kufika juu. Na wako wengine, Tropheus wanaolamba mwani kwenye miamba, jike anaatamia mdomoni mayai machache, mara nyingi hayafiki ishirini. Samaki hao hawapo popote duniani ila ziwa letu. Sasa mzamiaji amekaa siku kadhaa kumpandisha mmoja akiwa hai. Wewe uliye Dar, chini ya feni, unashindwa kungoja tangi likomae? Kila anayekufa kwako, mwingine anatafutwa ziwani kuziba pengo lake.

MWALIMU: Na Tropheus, Mzee, hoja yao ni nzito zaidi. Wanatiwa kundi zima kwa pamoja, kwa sababu ukiwaongeza mmoja mmoja wenyeji wanampiga mgeni mpaka afe. Huwezi kuanza na wawili watatu wa kujaribia. Tangi lazima liwe na uwezo wa kulibeba kundi lote siku ile ile wanayoingia.

Muuzaji hakujibu hilo, nami sidhani kuna jibu.

Upande wangu ni huu. Kutumia samaki hai kukomazia tangi ni jambo la kuachwa, na kwa samaki wa Tanganyika ni ukatili usio na kisingizio, kwa kuwa maji yao yanaipa amonia makali ambayo mgeni wa ufugaji hana namna ya kuyaona kwa macho. Mimea mingi ni njia halali kwa tangi linaloifaa. Sponji iliyokomaa ndiyo njia ya haraka iliyo ya haki. Kauli ya mwisho inatolewa na kipimo cha saa 24. Kalenda na uangavu wa maji havina neno hapo.

Ila Muuzaji naye yuko sahihi kuhusu mtoto wa miaka saba, na Mwalimu hakumjibu vya kutosha. Mtoto huyo anaweza kupewa kazi siku ile ile. Aoshe mchanga mpaka maji yatoke safi, apange makombe na mawe, adondoshe matone kwenye kichupa na kuandika rangi daftarini kila jioni. Tangi lisilo na samaki bado lina mengi ya kumshughulisha.

Kwa wenye maduka ninalo ombi moja. Uzeni tangi, chujio na sponji iliyokomaa siku moja, na samaki siku nyingine. Pokeeni malipo ya samaki mapema mkitaka, muwatengee wateja wenu samaki wao kwenye matangi yenu yaliyokomaa, na muwakabidhi siku watakapoleta chupa ya maji yenye amonia sifuri na nitriti sifuri.